Ardhi imechoka, au imenyang'anywa? Kuchunguza samadi, mbolea na mboji kwenye udongo wa kichanga wa Kusini

Kila kifuku, mvua zikishika kuanzia Desemba, nasikia kauli mbili zilezile Newala, Tandahimba na Nanyamba. Ya kwanza: "Mbolea ya chumvichumvi imeniulia ardhi." Ya pili: "Nimeweka samadi, sijaona kitu." Anayesema ya kwanza huacha mbolea ya dukani. Anayesema ya pili huacha samadi. Msimu unaofuata wote wawili huvuna pungufu ya walichovuna mwanzo. Mimi nimelima mchanga mwekundu wa Uwanda wa Makonde miaka ya kutosha kuwahi kuzitamka kauli zote mbili, na mara zote mbili nilikuwa namsingizia asiye na kosa.

Kinachotutoka mashambani ni mboji. Simaanishi rundo la majani yanayooza, namaanisha kile kinachobaki ardhini baada ya vijidudu kula majani, mizizi na samadi: weusi ule unaoshika maji na kushika virutubisho. Zaidi ya nusu ya uzito wa mboji ni kaboni. Kwenye mfinyanzi, chembe za udongo huikumbatia mboji na kuikinga isiliwe upesi, na zenyewe husaidia kushika mbolea. Kichanga chetu hakina mfinyanzi wa kutosha kufanya kazi hiyo, kwa hiyo mboji hufanya karibu kila kitu peke yake, tena bila ulinzi, katika joto letu ambalo vijidudu hulipenda. Ndiyo maana kosa ambalo mkulima wa udongo mzito hulifanya miaka kumi bila kuliona, hapa hujionyesha kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo kabla hujahukumu mbolea, chunguza. Nimepanga dalili kama wakulima wanavyozisema.

Kwanza, chimba mara mbili

Chukua udongo wa shambani, kina cha sentimita 20. Chukua mwingine mahali ambapo jembe na moto havijafika kwa miaka mingi: chini ya mwembe wa uani, au kichakani kando ya shamba. Lowesha yote miwili uifinye mkononi. Wa kichakani utakuwa na rangi ya giza zaidi na utashikana kidogo. Wa shambani ukimwagika kama sukari, mboji imekwenda. Kisha tia bonge kavu la kila mmoja katika glasi ya maji bila kukoroga. Bonge lenye mboji huchukua muda kuvunjika. Lisilo nayo husambaratika papo hapo na kuacha maji yenye vumbi.

Tofauti kati ya glasi hizo mbili ndiyo deni la shamba lako. Iweke kichwani unapoendelea kusoma, maana dalili moja inaweza kuwa na vyanzo vitatu, na glasi ndiyo itakayokusaidia kuchagua.

Dalili: nilikuzia kwa urea, mahindi yakakoza kijani, wiki mbili baadaye yakarudi njano

Tazama njano inaanzia wapi. Ikianzia majani ya chini, kwenye ncha, na kuingia ndani kufuata uti wa jani kama herufi V, mmea una njaa ya naitrojeni. Ikiwa majani machanga ya juu ndiyo yana mistari myeupe karibu na shina la jani, huenda ni njaa ya zinki, na urea haitakusaidia hata ukiongeza mfuko wa pili.

Kama ni naitrojeni, jiulize ilikwenda wapi, maana uliiweka. Njia ni mbili. Ya kwanza ni hewani: urea iliyomwagwa juu ya mchanga wenye unyevu na kuachwa juani hugeuka amonia na kupaa. Ukiinama asubuhi ya pili ukasikia harufu kali ya choo, ndiyo fedha yako inaondoka. Ifukie sentimita tano, upana wa kiganja kutoka kwenye shina. Ya pili ni chini: mvua kubwa ya siku mbili huizamisha kuliko mizizi inavyofika. Watu wa Newala wanajua kwa ndoo zao kwamba maji ya uwanda huu hayakai juu. Yanazama kina kirefu, na hushuka na kilichoyeyuka ndani yake.

Tiba ya msimu huu: gawa mbolea ya kukuzia mara mbili au tatu, usiiweke yote kwa siku moja, na usiweke wingu likiwa limeshaiva. Tiba ya kweli iko kwenye glasi. Udongo wenye mboji hushika sehemu ya naitrojeni hiyo na kuitoa polepole. Kichanga kitupu ni kama kung'uto: unamimina juu, inatokea chini.

Dalili: nimetia samadi, na mahindi yamekuwa njano kuliko ya jirani asiyetia

Hili ndilo huwakatisha watu tamaa. Mama mmoja wa Kitangari aliniita shambani kwake kwa uchungu kabisa.

"Mwanangu, nimebeba viroba arobaini kichwani. Arobaini! Tazama mahindi haya."

"Pole mama. Samadi yenyewe ulipoizoa ilikuwaje?"

"Ya banda la kuku wa kisasa. Imechanganyika na maranda ya mbao."

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Vijidudu vya udongoni hula kaboni, lakini ili vijenge miili yao vinahitaji naitrojeni pia. Mboji iliyokwisha tulia ina sehemu kama 10 hadi 12 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri iko kwenye 15 hadi 25. Mabua ya mahindi hufika 60 na zaidi. Maranda ya mbao huvuka 200. Ukishatia ardhini kitu kilichozidi 25 au 30, vijidudu hula kaboni hiyo kwa pupa na kwa kuwa naitrojeni iliyomo haiwatoshi, hunyonya ile ya udongoni, ileile mahindi yaliyokuwa yakiisubiri. Haijapotea. Imekopwa. Baada ya wiki kadhaa vijidudu hufa na kuirudisha, lakini mahindi ya siku 90 hayana wiki hizo za kusubiri.

Kwa hiyo uliza: samadi ina nyasi nyingi, mabua, maranda, majani makavu ya mkorosho yanayotambulika bado? Ikiwa ndiyo, tiba ya haraka ni mbolea kidogo ya naitrojeni ili vijidudu na mahindi vyote vipate. Mama wa Kitangari alitia urea kiasi cha kisoda kimoja kwa shimo, akaifukia, na majani mapya yakatoka ya kijani. Yale ya chini yaliyokuwa yameshakuwa njano hayakurudi, na hayarudi kamwe. Usiyatumie kupimia kama dawa imefanya kazi. Tiba ya mwakani ni kuiozesha kwanza: rundika, lowesha, geuza kila wiki mbili au tatu, mpaka usiweze kutambua nini kilikuwa nini na joto la ndani limepoa.

Kuna chanzo cha pili cha samadi "isiyofanya kazi", nacho ni samadi iliyokwisha kufa kabla ya kufika shambani. Rundo lililokaa kiangazi kizima juani limepoteza sehemu kubwa ya naitrojeni yake hewani; likinyeshewa, potasiamu na naitrojeni iliyobaki huchuruzika. Likae kivulini, limefunikwa kwa nyasi au turubai. Na chanzo cha tatu huwauma zaidi wanaonunua: zizi la mbuzi lenye sakafu ya mchanga hukwanguliwa pamoja na mchanga wake. Tia konzi moja kwenye chupa ya maji, tikisa, acha itulie. Mchanga utakaa chini. Ukiwa nusu ya chupa, umenunua nusu ya kiroba.

Dalili: samadi miaka mitatu, udongo bado mwekundu

Hapa hakuna kosa la mtu. Ni hesabu, na naomba tuifanye pamoja kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha mimi.

Ekari moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa takriban tani 1,200. Ukitaka kuongeza mboji kwa asilimia 0.1 tu, kiasi ambacho jicho halikioni, unahitaji tani 1.2 za mboji iliyotulia. Lakini samadi kavu si mboji yote: sehemu yake ni mchanga na majivu, na ile inayobaki, vijidudu huimaliza sehemu kubwa ndani ya mwaka wa kwanza na kuitoa kama hewa. Tukikadiria kwamba asilimia 70 ya samadi ni kitu cha kuoza na theluthi tu ya hiyo hubaki, unahitaji tani tano hadi sita za samadi kavu. Hizo ni karibu viroba 200 vya kilo 30. Kwa ekari moja.

Na huku ukiongeza, iliyopo inaliwa. Tuseme shamba lina mboji asilimia moja, yaani tani 12 kwa ekari, na kila mwaka asilimia nne yake huliwa. Karibu nusu tani inaondoka kila mwaka. Viroba arobaini vya mama wa Kitangari havikuwa bure. Vilipunguza kasi ya shamba kushuka. Kupunguza kushuka hakuonekani kwa macho, na ndiyo maana tunasema "sijaona kitu".

Nchi nyingine wameyapima haya kwa muda mrefu. Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la shayiri lililoanza majaribio mwaka 1852. Sehemu inayopata tani 35 za samadi kwa hekta kila mwaka imezidisha kaboni yake kuliko mara mbili ya sehemu isiyopata kitu. Sehemu iliyopewa samadi kutoka 1852 hadi 1871 kisha ikaachwa, zaidi ya miaka mia baadaye bado ilikuwa na kaboni nyingi kuliko isiyowahi kupewa. Sehemu ya mbolea za viwandani pekee haikupanda sana, lakini haikuangamia. Lakini kule ni baridi, na udongo wao una mfinyanzi zaidi. Karibu na kwetu, Kabete nchini Kenya, wamekuwa wakipima mahindi na maharage tangu 1976: mboji ilishuka kwenye kila sehemu, hata ile iliyopata samadi na mbolea pamoja. Ilikoshuka kidogo kuliko kwingine kote ni pale samadi ilipowekwa na mabua yakabaki shambani.

Soma tena maneno ya mwisho. Mabua yakabaki shambani. Ndiko ninakotaka kukufikisha.

Ng'ombe wa kutoa tani tano kwa ekari sisi wa uwandani hatuna. Ndorobo na shida ya maji viliwazuia tangu zamani, tuna mbuzi na kuku. Upande wa Lindi hali imebadilika tangu wafugaji walipoanza kuhamia kutoka bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006, na ukiwa Nachingwea au Kilwa karibu na mazizi yao, zungumza nao kwa heshima mapema, kabla ya kifuku. Lakini kubeba tani tano mpaka Tandahimba kwa gari la kukodi hakulipi. Kwa samadi chache uliyonayo, usiimwage shamba zima. Tia shimoni. Nafasi ya sentimita 75 kwa 60 inatoa mashimo kama 9,000 kwa ekari. Gramu 200 kila shimo ni tani 1.8. Ukiwa na ya nusu ekari tu, tia nusu ekari vizuri, mwakani uhamie nusu nyingine.

Na ongeza mbolea ya dukani kwenye mashimo hayohayo, bila kuona haya. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Tani nzima ya samadi kavu yenye naitrojeni asilimia moja ina kilo 10, na kwa msimu wa kwanza mmea hupata labda theluthi yake. Samadi inalisha udongo, urea inalisha mahindi ya mwaka huu, na mahindi yaliyoshiba hutoa mizizi na mabua mengi. Uzito wa mabua hukaribia uzito wa punje au kuuzidi: shamba la gunia nne kwa ekari linaacha kama kilo 400 za mabua, la gunia kumi na mbili linaacha tani moja na ushei. Hiyo ndiyo samadi ambayo haihitaji kubebwa.

Dalili: kila mwaka naongeza mbolea, kila mwaka napungukiwa

Uliza jambo moja kabla ya yote: mabua yako yanakwenda wapi?

Nimekaa na wazee wengi wenye malalamiko haya, na karibu kila mmoja huchoma. Tunachoma kusafisha shamba Oktoba. Tunafagia majani chini ya mikorosho ili korosho zionekane zikidondoka, tunayarundika, tunayachoma. Mabua ya ufuta tukishayakung'uta tunayachoma hapohapo turubai lilipokuwa. Moto hutoa kaboni na naitrojeni karibu yote hewani na kuacha majivu, ambayo upepo na mvua ya kwanza huyachukua. Mwaka wa kwanza majivu hukoza kijani, ndiyo maana moto una sifa nzuri. Lakini mbolea uliyonunua imegeuka mabua, na mabua yamegeuka moshi. Mbolea haikuiua ardhi. Ilikuwa ikiilisha, sisi tukaichukua sahani.

Sisemi uache majani yote chini ya mkorosho wakati wa kuokota. Najua kazi ilivyo. Fagia, lakini rundika kwenye shimo au kandokando ya shamba badala ya kuwasha. Majani ya mkorosho ni magumu na huoza polepole, kwa hiyo changanya na samadi ya mbuzi, maganda ya muhogo na mabibo yanayooza. Maganda ya korosho yenyewe usiyatie. Yana mafuta makali yanayobabua ngozi.

Kama huchomi na bado unapungukiwa, shuku tindikali. Ng'oa mmea. Mizizi mifupi, minene, yenye ncha butu, isiyokwenda chini, ni alama ya udongo uliochachuka. Mbolea zenye naitrojeni ya amonia huuchachusha udongo taratibu, na zaidi ya zote ni SA (salfeti ya amonia). Urea ina nguvu ndogo ya kuchachusha kuliko SA, na CAN, mbolea ya kukuzia yenye chokaa ndani yake, ina nguvu ndogo kuliko zote mbili. Lakini kwetu kuna chanzo kikubwa ambacho wengi hawakihesabu: salfa ya unga tunayopuliza kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Inayodondoka ardhini hugeuzwa na bakteria kuwa asidi, na kila kilo ya salfa huhitaji takriban kilo tatu za chokaa kuifuta. Piga hesabu ya shamba lenye mikorosho 28 kwa ekari, robo kilo kwa mti, mara nne kwa msimu: kilo 28 za salfa, chokaa kilo 84, mwaka baada ya mwaka. Sehemu huchukuliwa na upepo, lakini sehemu kubwa inabaki. Mboji nyingi hupunguza makali ya mabadiliko hayo. Kichanga kitupu kinachachuka haraka.

Kwa hiyo ukipanda mahindi au karanga chini ya mikorosho ya zamani na mavuno yakawa duni, pima kwanza kiwango cha tindikali kabla ya kununua mfuko mwingine. Muulize afisa ugani wa kata kuhusu kupima, au nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini. Chukua udongo chini ya mti na katikati ya mistari, mifuko miwili, usiichanganye. Ukikuta umechachuka, ni chokaa ya kilimo. Majivu ya jikoni husaidia bustani ya nyumbani. Samadi nayo hupunguza uchachu kidogo. Mbolea haisaidii mpaka mizizi iweze kwenda kuitafuta.

Dalili nyingine, kwa ufupi

Miche imeungua siku chache baada ya samadi ya kuku: ilikuwa mbichi. Iozeshe, na isiguse mbegu.

Magugu mapya ambayo hukuwa nayo: mbegu zilipita tumboni mwa mbuzi zikiwa hai. Rundo linalopata joto na kugeuzwa huziua nyingi.

Mchwa wamevamia baada ya kutandaza mabua: wamefuata chakula kikavu. Wakila mabua peke yake waache, nao wanafukia. Wakihamia kwenye mahindi, tandaza baada ya mahindi kupata nguvu, au laza mabua kwenye mistari katikati na uyafunike udongo kidogo.

Jirani halimi mahindi kwa mbolea wala samadi, na shamba lake ni jeusi kuliko lako: angalia kama ana mbaazi. Mbaazi hukaa shambani miezi mingi, huangusha majani yenye naitrojeni, na mizizi yake hushuka kina kirefu. Bei ilipoporomoka mwaka 2017 baada ya India kubana uagizaji, wapo walioing'oa kwa hasira. Nawaelewa. Lakini hata kilo moja isipouzwa, majani yale yamedondoka kwako, na fito zake zinapika. Panda mstari mmoja wa mbaazi kila mistari miwili ya mahindi, na ukikata fito za kuni mwezi wa tisa, kata juu ya ardhi. Mizizi iache palepale.